Karanga za Pole

Asubuhi ile Prof Asubonteng alipoifungua siri ya namba za panya, Dufie peke yake chumbani ndiye aliyekwisha kujua atakachosema. Yeye ndiye aliyekuwa akiwanywesha panya dawa. Alijua ni mkia upi umepewa maji matupu, upi dozi ndogo, upi ya kati, na upi ile dozi kubwa, nyeusi kama lami, inayonuka mizizi mibichi. Oteng hakujua. Kazi ya Oteng ilikuwa kutazama, na mtazamaji hatakiwi kujua, asije akaona kile anachotamani kukiona.

Ndivyo walivyofanya kazi kwa wiki kadhaa, pazia zito la buluu likining'inia katikati yao. Upande huu Dufie anamshika panya shingoni, anapitisha mrija mdomoni mpaka tumboni, anasukuma dawa, kisha anampitisha kwenye uwazi wa pazia. Upande ule Oteng anampokea. Anamwachia juu ya meza pana atazame anavyotembea. Anapiga kofi karibu na sikio lake aone kama atashtuka. Anambana mkia kidogo, anamulika jicho, anamlaza chali aone atajipindua upesi kiasi gani. Mwisho kabisa anampandisha kwenye fimbo ya kuzunguka, mashine ambayo panya hana budi kwenda mbele asije akadondoka, na akidondoka kwenye kibati cha chini saa inasimama yenyewe. Hapo Oteng anamrudisha kwenye uwazi wa pazia, na Dufie anampeleka kizimbani.

"Macho mazuri," Prof alisema, akisoma. "Masikio mazuri. Mkia, mgongo, pumzi, kujipindua, vyote safi. Halafu inakuja fimbo." Akavua miwani. "Waliopewa maji wanakaa juu mpaka mashine inachoka. Wa dozi ndogo vilevile. Wa dozi ya kati wanaanza kudondoka mapema. Wa dozi kubwa hata kuzunguka vizuri haijazunguka, wako chini. Dozi ikipanda, miguu inalegea. Hata mtoto wa shule ataelewa."

Nje, vumbi la kiangazi lilikuwa limeifunika Kumasi yote, paa na miti rangi moja, na feni ya dirishani ilikuwa ikililia mafuta.

Dawa yenyewe ilikuwa ya maumivu ya selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Dawa za kutuliza maumivu hayo zipo, lakini zile zenye nguvu humlaza mtu kama gogo. Maumivu yakiondoka, akili nayo inaondoka. Hii ya Prof ilikuwa na ahadi moja tu: itatuliza maumivu na kumwacha mtu na miguu yake. Ikiwa inalegeza miguu, basi haina tofauti na zile nyingine, na hakuna mfadhili atakayeendelea kuigharamia.

Na Oteng ana selimundu. Hakuificha wala hakuiimba. Kila mara alipotoweka kwa siku kadhaa, wenzake walijua amelala wodini anang'ata shuka. Akirudi, mwembamba zaidi, macho ya manjano, anaingia na kusema, "Wa kuzimu wamenirudisha, wamesema nyama yangu ni kidogo." Sasa alikaa kwenye kiti chake cha kutazamia, mikono mapajani.

"Kwa hiyo nimejichongea mwenyewe," alisema. "Nimekaa pale na saa yangu, kwa adabu zote, nikiandika hukumu yangu."

"Umeandika ulichokiona," Prof alisema. "Ungeandika kingine ningekufukuza."

"Najua, Prof. Ndiyo maana inauma mara mbili."

Prof alisimama. Alikuwa mtu mrefu, anayeinama akipita kila mlango hata ule usiomgusa. "Nina kikao mjini. Jioni nawaandikia wafadhili kwamba tunafunga. Dufie, wanyweshe kama kawaida, kisha uwapige picha wa dozi kubwa wakianguka. Watataka kuona. Ondoa hilo pazia, halina kazi tena." Akainama, akatoka.

Oteng naye alitoka akakae kivulini. Dufie alibaki na panya.

Aliwanywesha. Wa dozi kubwa walijipinda mkononi kama kila siku, wakapiga chafya, wakafuta midomo kwa viganja kama wazee waliotiliwa chumvi kwenye chai. Kisha akavuta pazia mpaka ukutani, akaiegemeza simu kwenye chupa, akaiwasha kamera, akampandisha kwenye fimbo panya wa kwanza, jike mnene mwenye sikio lililokunjamana.

Wiki zote zile Dufie hakuwahi kuona panya akianguka. Alikuwa akisikia tu kibati kikilia, ta, na moyo wake ukilia nacho, maana alijua ni nani aliyeanguka.

Sasa aliona.

Yule jike alipiga hatua mbili tatu, safi, mkia umenyooka nyuma kama usukani. Akainamisha kichwa. Akakitazama kibati, kama mtu anavyolitazama dimbwi kabla hajaliruka. Kisha akajiachia. Alitua kwa miguu yote minne, akageuka, akakimbia mbio mpaka pale uwazi wa pazia ulipokuwa, akasimama kwa miguu ya nyuma, viganja viwili kifuani, pua juu.

"Due, due," Dufie alimwambia, ile pole anayoambiwa mtoto aliyejikwaa, na mkono wake ukaingia mfukoni.

Mkono ukaishia humo humo.

Mfukoni mlikuwa na kikopo kidogo cha karanga za kusaga, zilezile za supu, alizoomba kwa Maame Ataa mwenye jiko la fufu, ule ugali wa mihogo ya kutwanga, pale getini. Dufie alikitazama kikopo. Akamtazama panya. Panya alimtazama yeye, akasogeza viganja kidogo, kama anayesema, haya, vipi leo?

"Oteng!" Dufie aliita. "Oteng, njoo! Njoo upesi!"

Oteng aliingia akidhani kuna aliyeng'atwa. "Nini? Damu?"

"Hebu mtazame huyu. Umewahi kuwaona wakifanya hivi?"

"Kusimama pale kwenye pazia? Wengi wao. Nilidhani wanataka kurudi kwao. Mimi mwenyewe nikitoka wodini ndivyo ninavyokimbilia mlango."

"Oteng." Dufie aliugusa mfuko wake. "Wakianguka, ukinirudishia, mimi huwa nawapa."

"Unawapa nini?"

"Siwapi kitu. Nawapa pole tu."

"Pole ya nini?"

"Ya karanga."

Feni ililia.

"Dada Dufie," Oteng alisema polepole. "Kila siku?"

"Wa dozi kubwa kila siku. Ile dawa ni chungu, Oteng, inanuka, halafu nasikia kibati kinalia, namwona mtu amenyweshwa uchungu na bado ameanguka. Ungefanyaje? Ningemrudisha kizimbani hivi hivi, bila hata pole?"

"Na wa dozi ya kati?"

"Hao siku nyingine. Wakinitazama vibaya."

"Na wa maji?"

"Wa maji wana shida gani?"

Oteng alijishika kichwa. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Dufie hakujua kama analia au anacheka, mpaka aliposema, "Dozi ikipanda, karanga zinapanda! Mungu wangu! Dada, hukuwa unatibu panya. Ulikuwa unaendesha shule ya kuanguka!"

Dufie hakucheka. Miaka yote ya chuo alifundishwa kwamba panya hapewi chochote kisichoandikwa, naye alikuwa mkali kuliko wote katika hilo. Aliwahi kumliza msafishaji mmoja kwa sababu ya ganda la chungwa. Lakini zile karanga hazikuwahi kuingia akilini mwake kama chakula. Mwenzako akijikwaa unampa pole, hata kama hukuweka jiwe wewe. Asiyetoa pole ni mtu gani? Alikuwa akitoa pole kama anavyopumua, na nani huandika pumzi zake?

"Tusishangilie," alisema. "Labda miguu imelegea kweli, na karanga wanazipenda vilevile. Picha hii haitamtosha Prof. Mtu mlevi humjuaje?"

"Unampitisha kwenye mstari."

"Basi tuwape mstari. Kitu chembamba, cha mviringo, kisichozunguka. Karanga ziwe mwisho, upande wa pili. Asiyeanguka ndiye anayekula. Mwenye miguu mibovu ataanguka hata kama anazitaka karanga kuliko roho yake."

Walitafuta chumba kizima. Rula ilikuwa fupi, mpini wa fagio ulikuwa umevunjika. Kisha wote wawili wakatazama dirishani kwa pamoja, kule moshi wa jiko la Maame Ataa ulikokuwa ukipanda, na sauti ya kinu ikija, du, du, du.

Maame Ataa alikuwa amekaa kwenye kigoda, akigeuza fufu kinuni huku mpwa wake akitwanga. Mikono yake iliingia na kutoka chini ya mchi bila kuutazama.

"Wanasayansi wangu," alisema. "Mmekuja kula kabla ya mchana? Au wale panya wenu wamenona sasa, mniletee niwapikie supu? Kila siku nawauliza."

"Maame, tunaomba utuazime mchi," Dufie alisema. "Ule wa akiba, ulioegemea ukuta."

"Wa nini?"

"Wa kupimia."

"Kupimia nini, mihogo?" Aliwakagua wote wawili. Aliona uso wa Oteng, ambao haukuwa umechangamka hivyo kwa siku nyingi, na hilo likamlainisha. "Chukueni. Mnirudishie mzima, na msiuweke chini."

Hawakuuweka chini. Waliulaza juu ya stuli mbili ndefu, na sakafuni chini yake wakatandaza matandiko ya pamba yaliyokuwa yakingoja kufuliwa. Ulikuwa mchi mzuri, mrefu kumpita Oteng, laini kwa miaka ya viganja, mwembamba kuliko panya mwenyewe. Dufie akapaka karanga kidogo kwenye ncha ya mbali.

"Ngoja," Oteng alisema. Alikuwa amegeuka, anatazama ukuta. "Usinitajie nani ni nani. Zifunge namba za mikia kwa plasta. Nataka niwaone kama panya tu."

"Oteng, wewe ndiye unayetaka dawa hii ipone."

"Ndiyo maana nimegeukia ukuta."

Panya wa kwanza alikuwa wa maji. Alipanda kwa hadhari, akanusa, mguu mmoja wa nyuma ukateleza, akaurudisha, akafika, akala. Wa pili alikuwa wa maji tena. Wa tatu ni yule jike mwenye sikio lililokunjamana. Dufie alimweka kwenye ncha. Dozi kubwa, ya asubuhi ile ile, bado iko tumboni.

Jike alisimama. Akatazama chini, kwa mazoea. Dufie akaona mabega yake yakijiandaa kuruka, naye akaacha kupumua. Kisha ile pua ikainuka. Harufu ilikuwa inatoka mbele, siyo chini. Panya akafikiri, kama panya hufikiri, halafu akaondoka. Hakuondoka kwa hadhari. Alikwenda kama mtu aliyechelewa, mguu mbele ya mguu, mkia ukipepea kushoto na kulia, mpaka mwisho, na alipofika akageuka palepale juu ya ncha, mahali pasipotosha hata yai, akakaa kitako akalamba.

"Huyo namjua kwa sikio, simhesabu, lakini ana miguu kuliko mimi," Oteng alisema.

Wakaja wengine. Mmoja aliteleza akaning'inia, akajivuta, akaendelea. Wengine waliteleza kidogo, wengine hawakuteleza kabisa. Oteng alikuwa akitazama kila mguu, ametoa ulimi pembeni kama mtoto anayeandika. Walipomaliza, Dufie alimuuliza, "Haya. Walevi ni wepi?"

"Sijui," Oteng alisema. Alirudia kwa sauti iliyokuwa ikipanda. "Sijui, dada. Siwezi kuwatenga. Siwezi!" Akakaa sakafuni juu ya matandiko machafu, akafunika uso, na safari hii alikuwa analia kweli, huku anacheka, na Dufie akakaa karibu naye akimpiga piga mgongoni.

Hapo ndipo Prof alipoingia, akiinama mlangoni. Kikao kilikuwa kimeahirishwa. Akaona pazia limevutwa, msaidizi wake mmoja anabubujika sakafuni, mwingine ana kikopo cha karanga mkononi, na panya anatembea juu ya nguzo.

"Nini hiki?"

"Mchi wa fufu, Prof," Dufie alisema, akasimama. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuzunguka, akamwambia yote, tangu pole ya kwanza.

Prof alisikiliza bila kumkatiza. Kisha alimchukua panya mwenyewe, akaivua plasta, akasoma namba: dozi kubwa. Akamweka kwenye mchi. Panya akavuka. Akamchukua mwingine, dozi kubwa, akavuka. Akamchukua yule jike akampandisha kwenye fimbo ya kuzunguka, akasema, "Dufie, kikopo chako kitoe nje kabisa, na wewe toka nacho." Dufie akatoka. Kupitia dirishani akasikia kibati, ta. Halafu akasikia Prof akisema peke yake, "Anamtafuta. Anamtafuta huyu mwanamke!"

Alipoitwa ndani, Prof alikuwa amevaa uso wa ofisini.

"Karanga zako zilikuwa zinaizika dawa hii. Unaelewa?"

"Naelewa, Prof."

"Watu wangapi wangekaa na maumivu yao kwa sababu wewe una huruma?"

Dufie hakumtazama Oteng.

"Tunaanza upya. Panya wapya, tangu mwanzo, na mchi... na ubao mwembamba uongezwe kwenye vipimo. Karanga za mwisho wa ubao ni zangu, zitaandikwa, na kila panya atapewa sawa, hata wa maji. Wewe utatoa pole ya mdomo tu. Hata hiyo, utoe kwa wote au usitoe kabisa."

"Nitatoa kwa wote, Prof."

"Wafadhili nitawaambia tulikosea kipimo, na nitawaambia kwa nini. Watatucheka mpaka ng'ambo. Na wacheke." Alipogeuka kuondoka alikuwa amebana midomo, na alipofika nje, akidhani hasikiki, alicheka mpaka akashika ukuta.

Kicheko hicho ndicho kilichomleta Maame Ataa. Alikuja akifuta mikono kwenye kanga, akachungulia, akamwona panya amekaa kitako katikati ya mchi wake anajikuna sikio.

"Eeeh! Dufie! Huo ni mchi wangu?"

"Maame, tutakueleza..."

"Panya! Juu ya mchi wa fufu! Mimi nawataka kwenye supu, nyinyi mnanipandishia kwenye fufu!" Alipiga makofi ya mshangao. "Nani atakula kwangu akijua? Nani?"

"Mimi nitakula, Maame," Oteng alisema kutoka sakafuni. "Maisha yangu yote. Mchi huo umeniokoa."

Maame Ataa alimtazama macho yale mekundu, akamtazama Dufie, akaona kwamba hapa pana jambo. "Mtanunua mpya," alisema, kwa sauti ya chini kidogo. "Mti mgumu, siyo ule wa sokoni. Na huo kaeni nao, wapeni hao wakwe zenu."

Wakaanza upya. Pazia likarudi. Kazi ile ngumu kuliko zote kwa Dufie ilikuwa kusikia kibati kikilia upande wa pili, kumpokea aliyeanguka, na kumwambia due kama wenzake wote, kwa mikono mitupu. Siku za kwanza mkono ulikuwa ukienda mfukoni wenyewe, mpaka akaushona mfuko.

Mwisho panya wale wapya walilazwa usingizi usio na kuamka, kama walivyolazwa wa kwanza, ili bongo zao zitazamwe kwa darubini. Kazi hii haina njia nyingine, na Dufie hakuwahi kujidanganya kwamba ipo. Jana yake, vipimo vyote vikiwa vimekwisha na Prof akiwa ameruhusu kwa maandishi, alipita kila kizimba na kikopo chake. Kila mmoja, wa maji na wa dozi, kidogo kwenye ncha ya kidole. Due, due, due.

Bongo zilikutwa safi. Na Prof alipoifungua siri ya namba kwa mara ya pili, hakuvua miwani. Alisoma ya fimbo, akairudia, kisha akasoma ya mchi, maana wote waliendelea kuuita ubao ule mchi. Dozi kubwa wamesimama sawasawa na wa maji. Hakuna mstari unaopanda wala unaoshuka.

"Inaendelea," alisema. Akamtazama Oteng. "Haijafika kwako. Bado kuna vipimo vingine, na watu wazima wenye afya kwanza, na miaka. Lakini inaendelea."

"Nitaingoja, Prof," Oteng alisema. "Nimezoea foleni."

Mchana ule Maame Ataa alipika eto. Aliponda viazi vikuu, akavitia mawese mpaka vikang'aa, akapanga mayai ya kuchemsha juu yake, mazima, meupe, kama anavyopikiwa mtu aliyeponea chupuchupu. Alimpa Oteng la kwanza. Oteng akauliza kama yai linapaswa kuliwa na mgonjwa, na dawa, au na panya, na Maame Ataa akamwambia ale anyamaze. Mchi mpya ulikuwa ukilia kinuni, mti mgumu kweli. Prof alikula akiwa amesimama. Dufie alikula mpaka vidole vikawa vyekundu kwa mawese, na kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kianze akasikia njaa yake inaisha.

Walipokuwa wakirudi maabara, Oteng alitangulia. Kwenye ngazi ya mlangoni, ngazi aliyoipanda kila siku kwa miaka, mguu wake ulijikwaa, akapiga goti.

"Due, due!" Dufie alimkimbilia, moyo juu. "Umeumia?"

Oteng aligeuka palepale alipopigia goti. Alikusanya viganja viwili kifuani, akainua pua, akangoja.

"Mshenzi wewe," Dufie alisema, na mkono wake ukaanza kuufumua ule mfuko alioushona.